Jina la Kuazima

Wiki jana tulimwacha Mama Pasi mlangoni kwa Mheshimiwa, mkono kwenye kitasa, akisikia sauti ya mwanamke asiyemjua ikimwambia kutoka ndani: "Ingia. Nimekungoja siku tatu."

Akaingia.

Kwa wewe unayeanza kusoma leo, nakupa kwa kifupi, maana hatuna nafasi ya kulia. Mama Pasi, aliyebandikwa jina hilo kwa kazi yake, ananyoosha shuka za hospitali katika nchi isiyo yake, mwaka wa nane sasa. Binti yake wa pekee amebaki nyumbani kwa bibi, na mama ameomba kumleta. Sheria ya huku inasema mzazi humleta mtoto kabla hajatimiza miaka kumi na nane. Akishatimiza ni mtu mzima, aombe mwenyewe na asubiri mwenyewe, hata miaka kumi. Binti amebakiza siku kumi na tisa. Ombi lake liko mikononi mwa bwana mmoja anayevaa tai hata kwenye joto, anayejiita wakili wa uhamiaji, na ambaye watu wetu wote wa huku wanamwita Mheshimiwa.

Wapo wasomaji walioniandikia kwamba Mama Pasi ni mjinga. Nawajibu: ngojeni kwanza.

Ofisi ilikuwa tupu. Meza imeondoka, viti vimeondoka, na ukutani umebaki msumari mahali palipotundikwa ile shahada yenye mhuri wa dhahabu. Sakafuni yalitapakaa mafaili. Katikati yake, juu ya kreti lililopinduliwa, alikaa mwanamke wa rika lake, amevaa koti la bluu la wafagiaji wa stesheni.

"Mheshimiwa yuko wapi?"

"Amehama. Jumapili, jengo likiwa halina watu."

"Atarudi lini?"

Kuna maswali ambayo kuyajibu ni kumtukana aliyeuliza.

"Na wewe ni nani?"

"Mteja, kama wewe. Wiki jana nilikuja kuchukua faili langu, nikapewa la mtu mwingine. Nikaona nimngoje mwenyewe." Akanyoosha mkono wenye faili, ila hakuliachia. "Hili jina la hapa juu ni lako?"

"Ni langu."

"Ulipewa na nani?"

"Swali gani hilo? Jina mtu anapewa na wazazi wake."

Mwanamke akatabasamu upande mmoja wa mdomo. "Ndiyo," akasema. "Wazazi." Akaliachia faili. "Soma barua ya juu. Mimi nimeshaisoma, uniwie radhi. Siku tatu ni nyingi kukaa na msumari."

Barua ilikuwa ya Idara ya Uhamiaji. Mama Pasi aliisoma polepole, kidole kikifuata mstari, kwa sababu lugha ya huku bado ilimtoa jasho. Aliposhika maana yake alirudi mwanzo akasoma tena, labda amekosea. Hakuwa amekosea.

"Tumepokea maelezo yako yenye saini, ambamo umekiri kwamba wewe si mama mzazi wa mtoto huyu, ila ni mama yake mdogo. Mtoto wa dada haletwi kwa ombi la aina hii. Kama una pingamizi, lilete kwa maandishi kabla ya saa kumi alasiri, siku ya Ijumaa."

Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

"Mimi sijaandika hivi," Mama Pasi akasema. "Mimi nimemzaa. Saa kumi na nne nimekaa na uchungu. Dada sina, hata wa kusingiziwa."

"Angalia nyuma yake. Kuna nakala."

Nakala ilikuwepo. Maneno ya Mheshimiwa, na chini yake saini ya Mama Pasi, na kile kimkia chake anachokivuta mwishoni. Akakumbuka. Siku ya kwanza kabisa Mheshimiwa alimwekea mbele karatasi tano nyeupe. "Saini hapa chini tu, mama, tusisumbuane kila mara. Najua unatoka kazini umechoka." Alisaini zote tano. Halafu akamshukuru kwa kumjali.

"Mbwa," akasema. "Amenifanya nimkane mwanangu."

"Yule hajawahi kuwa wakili," yule mwanamke akasema. "Alikuwa mkalimani mahakamani, akafukuzwa. Nimekwenda kwenye chama chao cha mawakili, jina lake halimo kwenye orodha. Na orodha iko wazi, mtu yeyote anaruhusiwa kuuliza. Ilinichukua dakika mbili."

"Mbona hatukuuliza?"

"Kwa sababu alikuwa na tai."

Mwanamke akasimama, akakung'uta koti lake. Akachana kipande cha karatasi kwenye jalada la mtu fulani asiyekuwa na bahati, akaandika kwa mkono wa kushoto. Herufi zake zilisimama wima, safi, kama za kwenye kitabu cha kujifunzia kusoma.

"Kesho Alhamisi. Maktaba ya nyuma ya stesheni, chumba cha chini. Kuna wakili wa kweli anayesikiliza watu bure, saa nane mpaka saa kumi na moja. Jina lake nimelikuta kwenye orodha. Wahi. Na umwambie kila kitu."

"Kila kitu kama nini?"

"Hilo unalijua wewe."

Mama Pasi alimkumbatia. Ndiyo, msomaji, alimkumbatia, akamwambia Mungu akulipe. Mwanamke alisimama vilevile, mikono imening'inia, mpaka alipoachiwa.

* * *

Chumba anachoishi Mama Pasi kina vitanda viwili na pazia katikati. Upande wa dirisha analala wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Wifi ndiye aliyempokea siku aliyofika, na wifi ndiye aliyempeleka kwa Mheshimiwa kwa mkono wake, akiwa amevaa viatu vya kutokea.

Alimkuta anakata kucha.

"Wifi, Mheshimiwa amehama."

"Najua." Wifi hakuinua macho.

"Umejua lini?"

"Jumatatu."

"Leo ni Jumatano. Jana tumekula sahani moja, wifi."

"Ningekuambia ungefanya nini? Ungelia. Umelia sana mwaka huu, nikaona nikupumzishe."

Mama Pasi akamwekea barua juu ya goti. Wifi akaisoma haraka, maana yeye lugha anaijua, kisha akairudisha kwa ncha za vidole.

"Ulijua kwamba si wakili?"

"Wifi yangu, nani katika sisi ana wakili wa kweli? Wakili wa kweli anataka karatasi za kweli. Wewe una karatasi gani za kweli?"

Wewe msomaji wa siku nyingi unajua kwamba wifi aligusa palepale panapouma, na wewe mgeni utajua kabla hatujaachana leo.

"Nijibu lililobaki," Mama Pasi akasema. "Ulipata nini?"

"Sikupata kitu."

"Wifi."

Kucha ikaruka ikaangukia kwenye pazia. "Alisema kila nitakayempeleka, faili langu litasogea mbele. Nilimpeleka watu sita. Wewe ulikuwa wa nne."

"Wa nne."

"Ningefanyaje? Mwaka wa kumi na moja huu natumia kibali cha miezi sita sita. Wewe umekuja juzi, kibali chako cha miaka miwili umekipata kama mchezo. Nikisikia unaimba bafuni nilikuwa naziba masikio." Akaacha kukata kucha. "Nilikuonea wivu. Basi, nimesema."

"Na faili lako limesogea?"

Wifi akacheka, kicheko kibaya sana. "Ameondoka nalo."

Wakakaa hivyo, kila mmoja upande wake wa pazia, kama wagonjwa wa wodi moja. Simu ikaita. Alikuwa binti, na sauti yake ilijaa chumba kizima.

"Mama, nimeshagawa madaftari yangu yote. Na lile sweta nimempa mtoto wa jirani, si umesema huko utaninunulia zito?"

"Kwa nini umegawa madaftari?"

"Si nasafiri? Mwalimu mkuu ameniita ofisini, akasema kama naondoka asiniandikishe mtihani wa mwisho, nikikosekana siku hiyo nitaharibu idadi ya shule. Nikamwambia aniondoe. Ameshaniondoa. Mama? Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Nimefanya vizuri?"

"Umefanya vizuri, mama yangu," Mama Pasi akasema. Akakata simu, akauma shuka ili wifi asisikie.

* * *

Chumba cha chini cha maktaba, siku nyingine zote, ni cha watoto. Kwa hiyo Alhamisi watu wazima wenye matatizo ya vibali hukaa kwenye viti vya urefu wa goti, magoti yamewafika kidevuni, ukutani kumechorwa twiga na namba moja mpaka kumi. Mlangoni kuna karani, mzee mstaafu wa posta anayejitolea. Masikio yake ni mazito, kwa hiyo huzungumza kama anayeita watu ng'ambo ya mto.

"Andika jina unaloitwa," akamwambia, akampa orodha.

Akaandika: Mama Pasi. Hakuwa na hila. Ni mazoea tu. Jina la kwenye karatasi alikuwa halitoi mpaka mtu amdai, na karani hakumdai.

Wakili alikuwa ndani, kwenye kichumba chenye mlango wake na twiga wake ukutani: mwanamke mdogo kuliko yeye, amevaa raba. Alizaliwa kwetu akaletwa huku akiwa na miaka sita, na Kiswahili alichobaki nacho kilikuwa cha jikoni kwa mama yake, hakina maneno makubwa. Mama Pasi akamwekea faili mezani. Wakili akalisukuma pembeni bila kulifungua.

"Nitalisoma baadaye. Ndivyo ninavyofanya kazi. Karatasi zimeandikwa na watu wengi, nikianza nazo nitaamini wengine kabla yako. Nisimulie wewe, dada."

Lishike hilo, msomaji. Ni mtindo mzuri wa kazi, na wateja wengi wanampendea huo. Siku hiyo ulikuwa kosa.

"Kwanza nikuulize," Mama Pasi akasema. "Nikikuambia jambo baya, utanipeleka kwa Idara?"

"Mimi si afisa. Ukiniambia hapa, linabaki hapa. Hata nikikataa kesi yako, linabaki hapa. Sitamwambia mumeo, sitamwambia jaji, sitamwambia mama yangu."

"Na unaniahidi utamleta mwanangu?"

"Siahidi. Wakili anayekuahidi, mkimbie."

Mheshimiwa alikuwa ameahidi mara tatu, mkono kifuani. Mama Pasi akajikuta anamwamini huyu wa raba.

Akasimulia. Karatasi tano nyeupe, barua ya mama mdogo, Ijumaa saa kumi. Wakili aliuliza maswali mafupi, na kila jibu alilipitisha kwenye kalamu.

"Mlikuwa na mkataba wa maandishi?"

"Hapana."

"Barua za Idara zilikuwa zinakwenda kwako au kwake?"

"Kwake. Alisema ndivyo inavyotakiwa."

"Wakili hupata nakala, na wewe unapata ya kwako. Siku nyingine ukiambiwa vinginevyo, ondoka. Alikupa nakala ya alichopeleka?"

"Hata moja."

"Kibali chako mwenyewe kinaisha lini?"

"Mwezi wa tatu. Niache kazi?"

"Usiache. Kibali kinaishi mpaka kifutwe, na hakijafutwa."

"Nilitaka nikate tiketi leo, nikamchukue mwenyewe. Wanizuie mpakani nikiwa nimemshika mkono."

"Ukitoka na swali kama hili juu ya kichwa, hutaingia tena. Halafu mtakuwa nje wote wawili." Wakili akageuza ukurasa. "Sasa niambie. Mheshimiwa wenu ni mwongo, nimekuelewa. Ila mwongo naye ni mvivu, hatungi uongo asiouhitaji. Kwa nini alilazimika kukufanya mama mdogo?"

Mama Pasi akatazama twiga wa ukutani.

"Kwa sababu jina la mama kwenye cheti cha kuzaliwa cha binti si jina langu la kwenye kibali."

"Wewe ni yupi?"

"Wa kwenye cheti cha mtoto. Nesi aliniuliza jina uchungu umenibana, nikasema lile alilonipa mama yangu. Sikuwa na nguvu za kukumbuka lingine."

"Na la kwenye kibali ni la nani?"

Hapa ndipo tulipokuwa tunakwenda tangu sehemu ya kwanza. Mama Pasi hakuwahi kulisema kwa mumewe mpaka anazikwa. Alilisema akiwa amekaa kwenye kiti cha mtoto, magoti kidevuni, vilevile kama alivyokaa darasani.

"Nilifeli darasa la saba. Enzi zetu ukifeli huruhusiwi kurudia. Lakini kukiwa na mtoto aliyeacha shule, na jina lake bado lipo kwenye orodha, unaingia kwenye nafasi yake. Unakaa dawati lake, unafanya mtihani kwa jina lake. Mwalimu mkuu anajua, wazazi wanajua, darasa zima linajua. Halikuwa jambo la ajabu. Jina likiitwa, unaitika."

"Ukaitika."

"Nikaitika. Nikafaulu. Tangu hapo cheti cha shule jina hilo, kitambulisho jina hilo, pasipoti, kila kitu. Ningelirudisha vipi?"

Wakili hakushangaa wala hakukunja uso. "Tungepima vinasaba, wewe na binti," akasema, kama anayejisemea, "damu ingesema wewe ni mama yake. Lakini damu ikisema hivyo, basi wewe ndiye wa kwenye cheti chake. Na hapo watauliza huyu wa kwenye kibali ni nani. Unampata mtoto, unapoteza nchi, na mtoto naye anarudishwa kwa sababu mama hayupo."

"Hakuna njia?"

"Ipo moja, nyembamba. Kukiri mwenyewe kabla hawajakugundua. Kesho, kwa maandishi. Kiapo chako kwamba jina ulipewa ukiwa mtoto, na shuleni kwenu ilikuwa kawaida. Wana huruma kidogo na makosa ya utotoni. Lakini kiapo chako peke yako hakitoshi, wameshaona saini yako kwenye uongo. Ningehitaji kiapo cha mwenye jina. Aseme yeye ni nani, wewe ni nani, na kwamba hukumwibia. Yuko hai?"

"Sijui."

"Aliacha shule kwa nini?"

"Mama yake alipooza, akabaki nyumbani kumuuguza." Mama Pasi alikuwa anakunja na kukunjua kona ya kitambaa chake. "Alikuwa wa kwanza darasani. Mwandiko wake ulibandikwa ukutani tuuige. Mama yake alipofariki alirudi kuomba nafasi. Mwalimu mkuu akamwambia, jina lako limeshafaulu, limekwenda sekondari, huwezi kufaulu mara mbili. Nilikuwa nimekuja siku hiyo kuchukua cheti. Nilimwona getini. Aliniona."

"Ukamwambia nini?"

"Nikainamisha kichwa, nikapita." Machozi yalikuwa yanateremka na hakuyapangusa. "Sikuiba, wakili. Lakini nilipita. Miaka ishirini na sita napita pale getini."

"Mnamkumbuka kwa lipi? Kuna mtu wa kumtafuta?"

"Tulikuwa tunamwita Mashoto. Alikuwa anaandika kwa mkono wa kushoto."

Kalamu ya wakili ikasimama.

Ilisimama pale karatasini mpaka wino ukafanya doa. Kisha wakili akanyoosha mkono, akalivuta faili lililokuwa pembeni, akalifungua kwa kidole kimoja, akasoma jina la juu. Akalifunga. Uso wake ulibadilika, ukawa wa ofisini.

"Dada, siwezi kuichukua kesi yako."

"Umesema nini?"

"Siwezi. Usiniambie neno lingine lolote. Hata moja."

"Kwa nini? Nimekosea wapi? Umesema niseme kila kitu."

"Siwezi kukuambia kwa nini."

"Kwa sababu sina pesa za kukulipa? Kwa sababu nimedanganya?"

"Si hivyo. Ni kosa langu, nilitakiwa nisome jina kabla sijakusikiliza." Alikuwa anaandika haraka majina na namba za simu kwenye karatasi. "Hawa watatu wako kwenye orodha ya chama. Wa kwanza anapokea leo mpaka saa kumi na mbili. Mwambie una siku moja. Uliyoniambia hayatatoka humu, naapa. Hayatatoka, na ndiyo shida yenyewe."

Mama Pasi hakuelewa hata kidogo. Alielewa tu kwamba amevua nguo zote mbele ya mtu, na mtu amemwonyesha mlango. Akachukua faili lake. Kifuani alikuwa na hasira ambayo hajawahi kuwa nayo hata kwa Mheshimiwa, maana Mheshimiwa angalau alimdanganya akiwa anacheka naye.

Akarudi kwenye chumba cha kusubiri. Akajishusha kwenye kiti cha kwanza alichokiona, kile cha karibu na mlango, na kuanza kubonyeza namba ya kwanza. Ikaita, ikaita, haikupokelewa. Akabonyeza ya pili.

Karani wa masikio mazito akachukua orodha, akaisogeza mbali na macho yake, akaita anayefuata.

Akaita jina. Majina mawili, la kwanza na la ukoo, taratibu, kwa sauti ya kujaza chumba.

Mama Pasi akasimama. Miaka ishirini na sita jina hilo likiitwa anasimama: benki, hospitalini, uwanja wa ndege, kazini. Mwili ulisimama kabla ya akili. Ni akili iliyokumbuka, akiwa ameshasimama, kwamba yeye hakuliandika jina hilo kwenye ile orodha.

Upande wa pili wa chumba, chini ya namba saba, mwanamke mwingine alikuwa amesimama pia. Amevaa koti la bluu la wafagiaji wa stesheni. Mkono wa kushoto ameshika faili.

Wakatazamana. Safari hii Mama Pasi hakuona koti. Aliona lango la shule.

"Mashoto," akasema.

"Nani mwenye jina?" karani akauliza. "Mbona mmesimama wawili?"

Hapo ndipo alipoelewa kilichomfunga wakili mdomo. Mwanamke huyu alikuwa mteja wa wakili tangu Alhamisi iliyopita, na alikuja kushtaki mtu asiyemjua anayeishi kwa jina lake. Mtu huyo ndiye aliyetoka kulia mle ndani sasa hivi, na wakili mmoja hawezi kusimamia pande zote mbili.

"Maombi yangu yamekataliwa mara mbili," Mashoto akasema. Hakupaza sauti, alisema kama anayesoma. "Waliniambia mtu mwenye jina hili, na tarehe hii ya kuzaliwa, na shule hii, yupo tayari nchini na ana kibali. Kwa hiyo mimi ndiye mwongo. Nilienda kwa Mheshimiwa anisaidie kujua ni nani. Akanipa faili lako kwa makosa. Maskini, ndiyo kazi pekee aliyonifanyia."

"Kwa nini hukuniambia jana?"

"Nilikuuliza jina ulipewa na nani. Ukasema wazazi."

"Mabibi," karani akasema, "nina watu kumi na wanne hapa. Nani mwenye jina?"

Fikiria, msomaji, na usijifanye mwema. Akisema "mimi," kwa maandishi bado ni kweli, na kibali kiko mfukoni kuthibitisha. Akisema "yeye," amekiri mbele ya watu kumi na wanne, hana wakili, hana kiapo, na kesho ni Ijumaa.

"Miaka ishirini na sita umeniitikia," Mashoto akasema. "Leo naomba niitike mwenyewe."

Mama Pasi akafumba macho.

"Ni yeye," akasema, na akakaa.

Mashoto alivuka chumba polepole, akipita kati ya vile viti vidogo. Alipofika mlangoni kwa wakili alisimama, mkono kwenye kitasa, mgongo ameugeuza.

"Mwanao amebakiza siku ngapi?"

"Kumi na nane."

"Na wamemfuta kwenye orodha ya mtihani?"

Mama Pasi aliinua kichwa. Hilo halikuwamo kwenye faili lolote. Alikuwa amelisikia jana jioni kwenye simu, yeye, na pazia, na mtu aliyekuwa nyuma ya pazia.

"Nani amekuambia?"

"Wifi yako amenipigia leo asubuhi, namba yangu aliikuta nyuma ya kile kikaratasi nilichokupa. Anatafuta mtu wa kusogeza faili lake mbele." Mashoto akageuza kitasa. "Usiondoke hapo. Nikitoka, ama tutakwenda pamoja kuapa, ama nitakwenda na wifi yako kukushtaki. Bado sijaamua."

Mlango ukafungwa. Simu mkononi mwa Mama Pasi ilikuwa imepokelewa zamani, na sauti ya mtu wa wakili wa pili ilikuwa inauliza, kwa mara ya tatu sasa: "Haloo? Jina lako nani?"